Msimu wa michezo ya kuigiza ya wanafunzi, Tabora: maswali mnayotuuliza kila mwaka

Msimu ukikaribia, maswali huwa ni yale yale: getini, sokoni, kwenye simu za wazazi. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu ambayo sisi wa idara ya sanaa za maonyesho tungekupa kama tungekaa nawe kwenye benchi nje ya ukumbi. Mengine tumeyajibu kwa mstari mmoja. Mengine tumeyachukulia muda, kwa sababu yanagusa kazi yetu yenyewe.

Mwaka huu kuna michezo gani?

Mitano. Minne imeandikwa na wanafunzi wetu, na mmoja ni wa mtunzi wa Kitanzania wa siku hizi ambaye kazi zake zimekwisha kuchapishwa.

Wa kwanza unatokea stesheni. Abiria wamekwama usiku kucha hapa Tabora, reli inapogawanyika, wengine wanakwenda Kigoma na wengine Mwanza, na hakuna anayejua treni itaingia saa ngapi. Wa pili ni wa mrina asali wa upande wa Sikonge na binti yake aliyerudi nyumbani na cheti cha ufugaji nyuki. Wa tatu ni wa bibi mwenye macho mekundu. Huo una swali lake hapo chini. Wa nne ni ramsa, mchezo wa kuchekesha: wapangaji sita, nyumba moja, mita moja ya luku, na umeme umekatika siku ambayo kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho. Wa tano, ule wa mtunzi aliyechapishwa, unachezwa na mwaka wa tatu kama kazi yao ya kumalizia masomo.

Lini, wapi, na kiingilio ni kiasi gani?

Juni na Julai: Ijumaa na Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumapili saa tisa alasiri, kila mchezo wiki yake. Ukumbi ni bwalo letu la chakula; meza zinatolewa, mabenchi yanapangwa. Mtu mzima shilingi 2,000, mwanafunzi yeyote wa shule au chuo 1,000. Anayefika na sare ya shule hatuombi kitambulisho.

Kwa nini msianze mapema, Februari au Machi, wanafunzi wakiwa bado hawajabanwa na mitihani?

Kwa sababu ya bati. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na bwalo halina dari. Mvua ikishika, mwigizaji hata apige kelele namna gani, benchi la tatu halisikii. Tulijaribu mwaka mmoja. Binti aliyekuwa akicheza nafasi ya mama alifika kwenye maneno ya kumuaga mwanawe, na hapo hapo mvua ikamwagika. Alisubiri, akaona haikomi, akamaliza kwa mikono na macho tu. Watu walipiga makofi, lakini maneno yale mwandishi aliyahangaikia miezi miwili, na hakuna aliyeyasikia. Tangu siku hiyo tunasubiri kiangazi.

Kwa nini hamchezi tamthilia tulizosoma shuleni?

Tunazipenda, na zinasomwa darasani kwetu. Mwanafunzi anayetaka kuandika mchezo bila kuijua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, au bila kumsoma Penina Muhando, tunamrudisha maktaba kwanza.

Lakini tukumbuke jambo moja. Kinjeketile ilipochapishwa mwaka 1969, mtunzi wake hakuwa amefikisha miaka thelathini. Ilikuwa kazi mpya ya kijana, kuhusu vita vya Maji Maji ambavyo wazee waliovishuhudia walikuwa bado hai. Aliyeitazama siku za mwanzo hakuwa na mwongozo wa majibu mfukoni. Sisi wengi tumezifahamu tamthilia kupitia swali la mtihani, "taja dhamira tatu", na tukadhani tamthilia ni kitu cha kupigiwa mstari kwa kalamu. Tamthilia ni miguu ya mtu sakafuni na pumzi yake. Mchezo ambao hakuna aliyeusoma kabla, ambao hujui bibi atapona au hatapona, unakurudisha kwenye hali hiyo. Ndiyo zawadi ambayo mwanafunzi anaweza kukupa na kitabu cha kiada hakiwezi tena.

Tabora na tamthilia wapi na wapi? Si mambo ya Dar es Salaam na Bagamoyo hayo?

Bagamoyo wana chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tunakiheshimu sana. Lakini mji huu haukuanza jana. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, na alipotoka Makerere alirudi kufundisha hapa hapa, shule ya St. Mary's. Mtu huyo huyo alikaa chini akaifasiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963 akiwa tayari ni Rais, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mkuu wa nchi aliyekuwa na nchi changa ya kuiongoza aliona hiyo nayo ni kazi. Tunawaambia wanafunzi wetu habari hiyo siku ya kwanza.

Tena kabla ya vitabu palikuwa na manju. Manju anatunga, anaongoza, anaigiza, anasema na wakubwa mambo ambayo mtu wa kawaida asingethubutu. Kwa jirani zetu Wasukuma, vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu. Huo ndio ukosoaji wa sanaa tuliourithi, na kwa kweli ni mkali kuliko wa magazeti.

Michezo ni kwa Kiswahili au Kinyamwezi?

Kiswahili, lakini cha watu. Mwandishi wa mchezo wa bibi alileta rasimu ya kwanza ambayo bibi alizungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwenzake aliyekuwa akisoma nafasi ile akaiweka karatasi chini, akamuuliza, "Dada, bibi yako nyumbani anaongea hivi?" Kimya. Wiki iliyofuata alirudi na kurasa nyingine. Bibi anasalimia "mwangaluka" na hamalizii sentensi zake, anaziacha zining'inie, kwa kuwa waliomzunguka wanajua zilikuwa zinakwenda wapi. Mtu asiyejua Kinyamwezi hapotei. Anachokosa ni maneno machache, na sura ya mwigizaji inamfikisha.

Nasikia kuna mchezo kuhusu mauaji ya vikongwe. Hamwoni mnautia mkoa aibu?

Swali hili tumeulizwa na watu wazima tunaowaheshimu, na tunalijibu kwa heshima hiyo hiyo.

Mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu tu ya macho mekundu, yametokea Tabora, Shinyanga, Mwanza na kwingineko. Magazeti yameyaandika miaka mingi na mikutano ya vijiji imeyazungumza. Mwandishi wetu hakuyavumbua. Aibu ipo, lakini haikuletwa na mchezo.

Na namna alivyoliendea jambo lenyewe ndiyo iliyotufanya tuupe mchezo huu wiki yake. Hakuna panga jukwaani. Kuna jiko. Taa zinapowaka, bibi amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto ambao hautaki kushika kwa sababu kuni ni mbichi. Anapuliza, anakohoa, anafuta macho kwa upindo wa kanga, anapuliza tena. Hasemi neno. Mazoezini tulipima tukakuta inachukua dakika nne. Mwongozaji aliona ni ndefu mno, akataka ibaki dakika moja. Mwandishi alikataa, na sisi walimu, baada ya kuitazama mara mbili, tukawa upande wake. Ikifika dakika ya tatu unaanza kupepesa macho wewe mwenyewe. Ndipo kijana wa jirani anapoingia, anamtazama, anamwambia mwenzake: "Mwone macho yake." Wakati huo kila aliyeketi ukumbini anajua macho yale yamefanywa mekundu na nini. Ni moshi. Ni miaka hamsini ya kuwapikia watu ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Mtu akituambia hili lisionyeshwe Tabora, tunamuomba kwanza aje akae kwa dakika zile nne. Kisha tuzungumze, tutamsikiliza.

Watoto waje?

Kwenye ramsa ya luku na mchezo wa asali, waleteni wote. Mchezo wa bibi tunashauri wasiwepo walio chini ya miaka kumi na miwili. Mtoto mchanga akilia, mama atoke naye kidogo mlango wa pembeni, atapata kiti chake akirudi.

Naruhusiwa kucheka, kujibu, kupiga vigelegele?

Naam. Tunaomba mfanye hivyo pale mnapoguswa. Hatutaki ukumbi uliokaa kama kanisani wakati wa mahubiri, halafu watu wakatoka nje ndipo wakaanza kusema walichokiona. Kwetu hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitikie. Mtambaji akisema "paukwa" na kukawa kimya, hana la kuendelea nalo.

Tunachoomba ni viwili tu. Simu izimwe sauti. Na usimtangulie mwigizaji. Kuna watu huja mara ya pili, wameshajua kinachokuja, wakakisema kwa sauti. Wenzako hawajaona bado.

Je, naweza kupanda kumtunza mwigizaji?

Tunajua hii ni desturi, na tunajua inatoka moyoni. Mtu ameguswa, anatoa noti, anapanda kumbandika msanii kwenye paji la uso kama anavyofanya kwenye ngoma au taarabu. Kwenye mchezo wa kuigiza inaleta shida. Mwigizaji ni mjane aliyefiwa asubuhi hiyo, na ghafla kuna noti usoni pake na mjomba anacheza mbele yake. Mwaka mmoja binti alijitahidi akaendelea kulia na noti ikiwa imeshika kwenye jasho. Alimaliza, lakini nyuma ya pazia alilia kweli.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: mwisho wa mchezo waigizaji wote wanatoka kusalimia, ngoma inapigwa, na hapo njooni mtunze mpaka mtosheke. Fedha hiyo inagawanywa kwa wote, pamoja na waliokaa nyuma kushona na kubeba, ambao nyinyi hamkuwaona.

Mchezo wa mwanafunzi unatengenezwaje? Mnampa tu jukwaa?

Hapana. Unaanza na aya moja: nani anataka nini, na nani anamzuia. Wengi wanaishia hapo, na si vibaya. Anayevuka anaandika rasimu, halafu inasomwa mezani na wenzake. Mwandishi mwenyewe hasomi na haruhusiwi kueleza. Ukisikia hamu ya kusema "hapa nilimaanisha", andika alama pembeni, maana hapo hapajaandikika. Rasimu ya pili, ya tatu, wengine ya sita. Kisha tunaondoa meza na kusimama.

Kusimama ndiko kunakofichua. Kwenye mchezo wa asali, mrina alikuwa juu ya mti, kwa kweli juu ya ngazi, akirina usiku huku akimweleza binti yake maisha yake yote kwa nusu ukurasa. Karatasini ilikuwa nzuri sana. Tukamwalika mzee mmoja ambaye amerina tangu utotoni aje atazame. Mwigizaji alikuwa ameushika mwenge juu kama anayemulika njia. Mzee alivumilia, mwisho akainuka kwenye kiti: "Mwanangu, hapo nyuki wote umeshawachoma." Akapanda mwenyewe. Akaushusha mwenge chini ya mlango wa mzinga, akauacha moshi upande wenyewe taratibu, na uso akaugeuza pembeni. Mkono wa pili ukaingia polepole, kama wa mtu anayetafuta kitu chini ya mto wa mtoto aliyelala. Hakusema chochote mpaka aliposhuka. Mwandishi wetu akamuuliza: huwa mnaongea mkiwa kule juu? Mzee akamshangaa. "Na nani?"

Usiku ule nusu ukurasa ukafutwa. Sasa mrina anarina kimya na binti anamtazama kutoka chini, na maneno yote aliyotaka kusema yanakuja baadaye, machache, wakati asali inachujwa. Mchezo ulipona siku ile.

Na haukomi kubadilika. Kila baada ya onyesho la Ijumaa tunabaki na watazamaji robo saa kuzungumza. Mwandishi anakaa mbele na daftari, hajitetei. Usiku anarekebisha, Jumamosi asubuhi waigizaji wanajifunza. Ukija siku zote mbili utaona tofauti, na pengine utalisikia neno lako mwenyewe kinywani mwa mwigizaji. Hilo limetokea: mama mmoja muuza mchele wa Isevya alisema kwamba mpangaji hawezi kumdai mwenzake fedha za luku mbele ya mgeni, atasubiri mgeni atoke. Alikuwa na haki. Kesho yake mgeni aliingizwa kwenye mchezo, na ugomvi wa kimya kimya mbele yake ukawa ndicho kipande watu walichokicheka kuliko vyote.

Umeme ukikatika katikati?

Tuna jenereta, inachukua kama dakika tano kuwashwa. Waigizaji wameambiwa wasiondoke jukwaani, wasubiri gizani. Lakini kwenye mchezo wa stesheni umeme ulipokatika wakati wa mazoezi ya mwisho, watu wachache waliokuwepo waliwasha tochi za simu bila kuambiwa, na abiria wakaendelea kusubiri treni yao katika mwanga ule. Ilifanana sana na stesheni yenyewe usiku. Mwongozaji amekitunza kipande hicho, kwa hiyo msishangae taa zikizimwa makusudi.

Binti yangu anasoma sanaa za maonyesho. Mzazi nimtarajie kazi gani?

Mzazi wetu, tunakuelewa; ada unaitoa kwa jasho, na swali lako ni la haki. Hatutakuahidi ajira. Waliotutangulia wapo mashuleni wanafundisha, wapo redioni, wapo kwenye filamu na tamthilia za televisheni, wengine wako na mashirika yanayotumia maigizo kufundisha afya na haki vijijini. Kazi hiyo ya mwisho ina mizizi nchini: mwaka 1982 walimu wa chuo kikuu, Penina Muhando akiwa mmoja wao, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakakaa na wanakijiji kutengeneza michezo kutokana na matatizo yao wenyewe.

Lakini njoo umwone jukwaani kabla ya kuamua. Baba mmoja alikuja akiwa na nia ya kumhamisha mwanawe akasome uhasibu. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mwishoni alikuja kwetu akasema alikuwa hajui kwamba mtoto wake anaweza kusimama mbele ya watu mia mbili na wakamsikiliza. Mtoto bado yuko kwetu, na baba bado ana wasiwasi. Tunazungumza naye kila muhula.

Mimi si mwanafunzi. Naweza kushiriki?

Ndiyo, na tuna shida kubwa na fundi cherehani wa maleba (mavazi ya jukwaani), mtu wa kupaka rangi, na wapiga ngoma wanaojua kutulia. Pia tunaazima vitu: redio ya zamani, sanduku la bati, vitenge vilivyochakaa. Tunaandika jina lako na kitu chako kwenye daftari, na kinarudi.

Nina mchezo nimeandika. Mtaupokea?

Tunapokea kutoka kwa yeyote wa mikoa ya Tabora na Kigoma. Usizidi kurasa arobaini, wahusika wasizidi wanane, na usiandike onyesho linalohitaji gari jukwaani. Tunasoma yote. Yasiyochaguliwa tunayarudisha na maelezo, ingawa wakati mwingine tunachelewa, mtuvumilie.

Shule yetu inataka kuucheza mmoja wa michezo hii. Turekodi kwa simu?

Msirekodi. Mchezo ni mali ya aliyeuandika, awe na miaka ishirini au themanini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda sawa na mtunzi mkubwa. Mwalimu aje ofisini, tutamkutanisha na mwandishi. Mpaka sasa hakuna mwandishi wetu aliyeikatalia shule. Wanachotaka ni kuombwa, na jina lao liandikwe kwenye tangazo.

Mnapata kibali?

Ndiyo. Michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu mwaka 1976, pamoja na filamu, na tunaifuata.

Mtu wa kiti cha magurudumu anaingiaje?

Mlango wa jikoni hauna ngazi. Mwambieni kijana yeyote mwenye fulana ya msimu, na nafasi ya mbele kushoto inabaki wazi kwa ajili hiyo hadi mchezo uanze.

Tunatoka Urambo au Nzega. Tutarudije usiku?

Njooni Jumapili ya saa tisa. Mnamaliza jua lipo. Walio mjini, Kanyenye, Ng'ambo, Ipuli na kwingine, mkitoka usiku bodaboda wa kituo cha getini wanatufahamu na wanakaa mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Tuje na nini?

Sweta au shuka, maana usiku wa Juni na Julai hapa kwetu una baridi na madirisha ya bwalo hayafungi vizuri. Kitu cha kukalia, kwa kuwa benchi ni la mbao na mchezo wa stesheni ni saa moja na dakika arobaini. Maji tunayo. Karanga na kashata mtazikuta nje kwa mama anayeuza mlangoni. Kuleni kabla ya kuingia, kwani zile dakika nne za bibi jikoni mlio wa ganda la karanga unasikika ukumbi mzima.